Imani, mapenzi na kampasi: tutazungumzaje bila kuumbuana?

Swali: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kampala, kwetu Tanga. Tuna kikundi chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo na wenyeji wa Arua na Bombo, Jumamosi jioni tunakaa hosteli tunapiga stori. Juzi tuliweka mada ya imani na mapenzi chuoni. Ilianza vizuri, kaka mmoja mlokole akasimama akatoa ushuhuda wa maisha yake ya zamani na wasichana, dada wawili wa Kiislamu wakainuka wakatoka. Halafu ikaingia habari ya ushoga, kelele tupu, mtu akamgeukia kijana mmoja mkimya akamuuliza "na wewe mbona hujasema kitu?" watu wakacheka. Kumbe kuna aliyekuwa anarekodi, klipu ikatupwa kwenye grupu. Yule kijana hajarudi tena. Mwenyekiti ni mimi. Nataka tuizungumze tena mada hii kwa heshima na bila kuvunja sheria za hapa. Ila mimi ni Mwislamu na nina msimamo wangu, sitaki kuambiwa heshima maana yake nikubali kila kitu. Tufanyeje? Na je, niite shehe na mchungaji?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Shikamoo huku Kampala tunaisikia kwa nadra, nimeipokea kwa mikono miwili.

Nianze na yule kijana, maana mada inaweza kusubiri hata muhula ujao, yeye hawezi. Kabla hujapanga kikao kingine chochote hakikisha ile klipu imefutwa, na siyo kufutwa kwenye grupu tu, waombe memba waifute kwenye simu zao, na aliyerekodi mwite pembeni umwambie kwa mdomo, siyo kwa meseji. Halafu mtafute kijana mwenyewe. Usiende na ujumbe wa watu watano kama mnaenda kuposa, nenda peke yako au mtume rafiki yake anayemwamini, na maneno yawe machache: klipu imeondolewa, lile swali halikupaswa kuulizwa, samahani, ukitaka kurudi karibu. Basi, ishia hapo. Usimuulize chochote. Na tafadhali usimwambie "sisi tunajua wewe si wa hivyo", ukisema hivyo umemuumbua mara ya pili, unataka akushukuru kwa kumtoa kwenye kesi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kunyamaza kwenye kikao si ushahidi wa kitu. Watu wananyamaza kwa njaa, wananyamaza kwa sababu wana testi Jumatatu, wananyamaza kwa sababu Kiswahili chenu cha Tanga kinawaacha njiani.

Najua waliocheka walicheka tu, hawakuwa na nia mbaya. Lakini mko Uganda, na hapa swali lile si utani, kwa hiyo tuiseme sheria wazi bila kuzungukazunguka. Sheria ya Kupinga Ushoga ilisainiwa na Rais Museveni Mei 2023. Tendo lenyewe ni kifungo cha maisha, kile kinachoitwa ushoga uliokithiri adhabu yake inaweza kufika kifo, na anayepatikana na hatia ya kuuhamasisha anaweza kufungwa hadi miaka 20. Kuna watu watakuambia "si ilifutwa ile?" hao wanachanganya na ile ya 2014 ambayo Mahakama ya Katiba iliibatilisha Agosti mwaka huohuo kwa sababu akidi ya Bunge haikutimia siku ilipopitishwa. Hii ya 2023 ilipelekwa mahakama ileile, na hukumu ya tarehe 3 Aprili 2024 ikaiacha isimame karibu yote, ikaondoa vifungu vichache tu. Kimojawapo kati ya vilivyoondolewa ni kile kilichomlazimisha mtu kwenda kuripoti polisi yeyote anayemshuku. Hilo lishike sana mdogo wangu, kwa sababu hosteli nyingi bado zinaishi na hofu ya kile kifungo, kastodiani, yaani msimamizi wa hosteli, anamchunguza mpangaji, rumeti anamchunguza rumeti, ati asipotoa taarifa atafungwa yeye. Kifungo hicho hakipo tena. Hakuna anayekudai wewe mwenyekiti uwe mpelelezi wa wenzio (mtoto akidhulumiwa ni habari nyingine kabisa, huko wajibu wa kuripoti uko palepale). Tena sheria hiyohiyo ina kifungo dhidi ya anayemzushia mwenzake kwa makusudi, kwa hiyo yule mcheshi wenu naye akae chonjo.

Sasa je, kuzungumza tu ni kosa? Katiba ya 1995 ibara ya 29 inalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na imani, na imetaja kwa jina uhuru wa kitaaluma kwenye vyuo, halafu ibara ya 27 inalinda faragha ya mtu. Kwa ninavyoisoma mimi, watu kukaa wakaulizana dini zetu zinasemaje, sheria inasemaje, na tunaishije hosteli moja watu wa misimamo tofauti, huko siko kuhamasisha. Lakini neno kuhamasisha kwenye ile sheria ni pana na hutaki kuwa wewe ndiye unayepimwa upana wake mahakamani, kwa hiyo chukua tahadhari za kawaida: ofisi ya dini (dean) wa wanafunzi ijue, yaani dini kwa maana ya mlezi mkuu wa wanafunzi siyo dini ya msikitini, wapelekee barua fupi wabaki na nakala, mada iandikwe kama swali, msichapishe vipeperushi, msipokee hela ya mtu wa nje hata akija na tabasamu zuri namna gani, na msiandike majina ya waliohudhuria. Mimi nina maoni yangu kuhusu sheria hii na nikiulizwa nayasema: imefanya kazi ya ushauri chuoni iwe ngumu, mwanafunzi mwenye tatizo la kawaida kabisa la mapenzi, ameachwa, ana mimba, ana ugonjwa wa zinaa, anaogopa kubisha hodi kwa mshauri kwa sababu hajui mshauri ataandika nini kwenye faili. Wewe unaweza ukawa na maoni mengine, hilo halituzuii kuendelea.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho naona kimekupita kwenye barua yako, na kwangu mimi ndo kiini chenyewe. Wale dada wawili waliotoka. Wewe umeandika kama vile walitofautiana na yule kaka. Hebu waulize: zinaa ni haramu? Watakuambia haramu. Muulize kaka: ulichofanya zamani ni dhambi? Atakuambia dhambi, na ndo maana nimeokoka. Sasa ugomvi uko wapi? Kuhusu zinaa yenyewe wanakubaliana mia kwa mia. Walichogombania, bila mmoja wao kukitaja, ni kama jambo lile linasemwa mbele za watu au halisemwi.

Hapo kuna historia mbili zimegongana sebuleni kwenu. Yule kaka anatoka kwenye mila ya Balokole, wale waliookoka, uamsho uliowaka miaka ya 1930 kati ya Gahini kule Rwanda na Kampala hapa ukasambaa Afrika Mashariki nzima mpaka kwenu Tanzania. Uamsho ule ulijengwa juu ya kuungama hadharani. Mtu anasimama, anasema nilikuwa mwizi, nilikuwa mlevi, nilikuwa na mwanamke wa nje, na wenzake wanaimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Waraka wa Yakobo 5:16 unawaambia waungame dhambi wao kwa wao na kuombeana. Kwao anayeficha ndiye wa kutiliwa shaka, na feloshipu nyingi za kampasi hata zile za makanisa mapya zimerithi tabia hiyo, asiye na ushuhuda anaonekana kama bado hajafika. Mficha uchi hazai, ndivyo wangekuambia.

Wale dada wamelelewa kinyume chake, na wewe unajua hili kuliko mimi ninavyoweza kukueleza. Mtume alisema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaozitangaza dhambi zao, mtu amefanya jambo usiku, Mungu amemsitiri, kunakucha anakwenda yeye mwenyewe kusema nilifanya hivi na hivi. Sura ya 49 aya ya 12 inakataza kupelelezana na kusengenyana. Sura ya 24 aya ya 4 inataka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke zinaa, na asipowaleta anapigwa yeye viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Dini nzima imejengewa ukuta wa kusitiriana kwenye jambo hili hasa. Sasa dada aliyelelewa hivyo anamsikia kijana anasimulia alilala na nani na nani, tena mbele ya wanawake, yeye masikioni mwake ile si toba, ni kujisifu. Na kaka anapowaona wanatoka anasema moyoni hawa wanafiki, wana yao wanayoyaficha. Wote wawili walikuwa wanafanya kile walichofundishwa kuwa ndiyo adabu.

Ongeza na Wakongo wenu, wengi wao najua ni Wakatoliki, hao wana njia ya tatu: dhambi inasemwa ndiyo, lakini kwa padri mmoja ambaye hana ruhusa ya kuitamka tena hata akikatwa kichwa.

Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini lile swali la "mbona hujasema kitu" lilipata nafasi ya kuingia. Ushuhuda mmoja ukishafunguliwa chumbani, kila mtu anahesabiwa, nani amesema, nani bado, na asiyesema anageuka mtuhumiwa. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kikao chenu kijacho, na kama utaacha mengine yote shika hii moja: hakuna mtu kusimulia maisha yake ya chumbani wala ya mwenzake. Ushuhuda ubaki feloshipu, siri ibaki kwa mwenyewe, hapa tunazungumza mafundisho, sheria na namna ya kuishi pamoja. Itangaze mwanzoni, tena wewe mwenyekiti uitangaze ukiwa umesimama, ili mlokole asidhani amenyamazishwa kwa ajili yake peke yake na dada wajue hawatavamiwa. Kuna watakaokuambia mazungumzo bila mifano ya watu yatakuwa makavu. Hayatakuwa. Jaribu kuuliza "rumeti wako anamleta boifrendi wake chumbani usiku na wewe dini yako haikuruhusu hata kukaa humo, unafanya nini?" uone kama watu watasinzia.

Halafu kuna suala la wanaume na wanawake kukaa pamoja. Sisemi hivi kwa sababu ya dini tu. Hapa Buganda msichana alifundishwa mambo haya na ssenga wake, shangazi upande wa baba, kwenu pwani alikuwa na somo au kungwi, mvulana naye alikuwa na wakubwa zake jandoni. Kila mahali ukanda huu watu walizungumza mapenzi, tena kwa undani ambao ungekufanya ufunike uso, lakini kila jinsia pembeni yake na kwa mtu aliyepewa kazi hiyo. Sasa ssenga yuko redioni anajibu simu za wasikilizaji, na ninyi mko sebule moja mchanganyiko, miaka 20 kila mtu, hakuna mkubwa. Si ajabu mtu anakosa pa kuweka macho. Nusu saa ya kwanza wagawe, wanawake upande mmoja wanaume upande wa pili, kila upande uandike maswali yake, ndo mkutane. Wanaume wengi huwa wanashangaa wakisikia swali la kwanza la upande wa pili ni usalama: kubenchiwa, yaani kufuatwafuatwa na kutongozwa, na mtu usiyemtaka, lekchara anayetaka zaidi ya asaimenti, kijana wa feloshipu anayesema Mungu amemwonyesha ndotoni kwamba wewe ni mke wake. Hii ya ndoto nimeisikia mara nyingi mno, sijui huyo Mungu anayewaonyesha vijana wawili msichana mmoja ni yupi. Lakini unaona, hapo ndipo imani na mapenzi vinapokutana kikweli kampasi, na hakuna dini inayomtetea lekchara wa namna hiyo. Anzeni na yale yanayowaunganisha.

Sasa lile lako la msimamo. Umesema hutaki kuambiwa heshima maana yake ukubali kila kitu, na mimi sikuambii hivyo, ningekuambia hivyo ningekuwa sijakuheshimu wewe. Tofautisha fundisho na mtu aliyekaa kwenye kiti. Fundisho liseme kama lilivyo, usilipake sukari: Uislamu unasema hivi, mimi naamini hivi, nukta. Watu wanaoheshimiana wanaweza kuambiana hivyo wakala roleksi moja, ile chapati ya mayai. Kinachovunja heshima ni pale fundisho linapogeuzwa kidole kwa mtu fulani, au unapomwekea mwenzio maneno ambayo dini yake haikusema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 na 2358, inalipinga tendo kwa maneno makali na papo hapo inataka mtu mwenye mwelekeo huo apokewe kwa heshima, huruma na upole, na asibaguliwe isivyo haki. Zote mbili zimo ukurasa mmoja. Mkatoliki akisoma moja akairuka nyingine, mwambie asome zote, hata kama yeye anapenda moja tu, na hii inahusu pande zote mbili za mabishano.

Na msimruhusu mtu yeyote kusema "sisi Wakristo tunasema" au "Waislamu wote wanasema". Kwa sensa ya 2014 nchi hii ilikuwa na Wakatoliki kama asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14 na Wapentekoste 11, na ndani ya kila kundi hawaongei sauti moja. Askofu Mkuu Kaziimba wa Kanisa la Uganda aliiunga mkono sheria ya 2023. Askofu Senyonjo, mstaafu wa kanisa hilohilo, dayosisi ya West Buganda, kwa miaka mingi alikuwa anawahudumia wapenzi wa jinsia moja na kanisa likamtenga. Papa Francis Januari 2023 alisema kuwa shoga si uhalifu, na kwenye maneno hayohayo akasema kanisa linaliona tendo kuwa dhambi, halafu mwaka mmoja baadaye maaskofu wa Afrika wakasema waziwazi kwamba baraka za wapenzi wa jinsia moja hawatazitoa. Ukiwataja hao wote, wala huhitaji kuchagua upande, mtu mwenye akili ataona kwamba hata wakubwa wanabishana na hakuna haja ya yeye kumaliza ubishi huo Jumamosi moja hosteli. Mkitaja Namugongo, na mtaitaja tu kwa sababu hapa kila mjadala wa ushoga unaishia kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na wale vijana wa ikulu waliouawa kati ya 1885 na 1887, angalia isije ikawa mnatumia damu ya watu kupigana makonde. Waliouawa kwa ajili ya imani walikuwa Wakatoliki na Waanglikana, na kabla yao, enzi ya Mutesa, Waislamu pia waliuawa. Wanahistoria wanajadiliana ni kiasi gani yale mauaji yalikuwa siasa, kiasi gani imani, kiasi gani ni vijana kumkatalia mfalme anayesimuliwa kuwataka kimwili. Ukileta habari hiyo ilete yote.

Watu wakikuambia Uganda haiwezi kuzungumza mambo haya kwa utulivu, wakumbushe UKIMWI. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyependwa nchi nzima, alijitokeza akasema anao, kipindi ambacho kusema hivyo kulikuwa ni kujizika. Akaenda mashuleni na makanisani akiwa amekonda vile, watu wengine wakasema anadanganya anatafuta hela, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Mwaka 1992 Kanoni Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana, akasema hadharani kwamba anaishi na virusi, kasisi! Waislamu nao kupitia chama chao cha madaktari, kilichoanzishwa 1988, wakawafundisha maimamu, na imamu akawa anazungumzia ugonjwa wa zinaa msikitini. Hao watu hawakukubaliana. Kuhusu kondomu waligombana miaka na miaka, wengine wakasema subiri na uwe mwaminifu basi, wengine wakaongeza na kondomu. Lakini kuna jambo moja walilikubali mapema, kwamba mgonjwa hafukuzwi mlangoni, na hilo liliwatosha kukaa meza moja huku wakiendelea kubishana mengine. Wewe nawe tafuta hilo jambo moja la kikundi chako. Kwa mfano: hakuna mtu atakayetoka kwenye chumba hiki akiwa hayuko salama kuliko alivyoingia. Mlokole atalikubali, wale dada wa Kiislamu watalikubali, na asiyelikubali usimpe maiki.

Sasa kikao chenyewe. Watu wasizidi kumi na tano hivi, wakizidi hapo inakuwa mkutano wa hadhara na kila mtu anahutubia. Simu zote kwenye beseni moja mlangoni, zimezimwa, na ya kwako iwe ya kwanza kuingia. Watakulalamikia, "nasubiri simu ya mama", mwambie mama atapiga tena. Msiite mdahalo, maana ukishasema mdahalo watu wanakuja kushinda, kuna upande wa serikali kuna upinzani, na kampasi za hapa watu wamezoea siasa za gildi, yaani serikali ya wanafunzi, kila ukumbi kwao ni kampeni. Kwa hiyo pia msiweke kipindi cha uchaguzi wa gildi, wagombea watakuja kuvuna kura kwa kupiga kelele kuliko wenzao. Waongozaji wawe wawili, wa dini tofauti, mmoja mwanamke mmoja mwanaume, na wasiwe wale wanaopenda kusikika.

Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi, kalamu za aina moja, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, na mwongozaji ayasome mwenyewe kimya kabla hajayasoma kwa sauti. Hapo ana ruhusa kamili ya kuruka. Swali linalomlenga mtu, hata kwa mafumbo, linakwenda mfukoni na halisomwi, hata akiulizwa mbona karatasi zilikuwa kumi na mbili umesoma tisa. Kikao kikiisha zichanwe palepale watu wakiona.

Na ikitokea tena mtu kamgeukia mwenzake "wewe je?", mwongozaji asisubiri kucheka kuishe, aingie hapohapo: "Hilo swali hapa hatuulizi. Tulikuwa kwenye nini? Endelea dada." Kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hotuba, kwa sababu ukitoa hotuba ya dakika tano kuhusu heshima macho yote yanabaki kwa yule aliyeulizwa. Unamwokoa mtu kwa kuipitisha haraka. Aliyeuliza utamwona baadaye, pembeni. Akirudia mara ya pili atoke, na wewe usione haya, uenyekiti si kupika chai tu.

Kuna mtu anaweza kukufuata baada ya kikao, korido, akuambie jambo lake. Msikilize, mwambie "asante kwa kuniamini", usiahidi kumsaidia kwa maombi wala kwa daktari kabla hajakuomba, na usilipeleke popote, hata kwa rafiki yako wa karibu kwa kumwambia "simtaji jina lakini". Kwenye hosteli ya watu sitini "simtaji jina" ni sawa na kumtaja. Kama anahitaji mtu wa kazi hiyo muulize kama angependa umsindikize kwa mshauri wa chuo, akisema hapana ni hapana.

Kuhusu shehe na mchungaji: siyo kikao cha kwanza. Wakija wakubwa vijana watakaa kimya, au mbaya zaidi kila upande utamshangilia wa kwao kama mpira. Fanyeni wenyewe kwanza, hata mara mbili tatu, mjue maswali yenu halisi ni yapi. Halafu chukueni yale maswali matatu au manne yaliyowashinda, yaandikeni, wapelekeeni wiki moja kabla, na chagua watu wanaojua kusema "hili sina jibu lake", ukipata wa namna hiyo hata kama hana jina kubwa mchukue. Padri naye msimsahau, Wakongo watanuna. Na kila mmoja mwambie mapema wengine watakaokuwepo ni akina nani na mada ni ipi kwa maneno yaleyale mliyoandikia ofisi ya chuo, asije shehe akadhani ameitwa kufungua futari halafu akamkuta mchungaji ameshika maiki.